Kuifikisha Keki Ikiwa Baridi

Kiuno ndicho kilichonistaafisha, si umri wala kuichoka kazi. Daktari aliishika picha ya mifupa yangu akaielekeza kwenye mwanga, kisha akaniuliza, "Mama, kwani unabeba nini?" Nikamwambia nabeba keki. Akacheka, akidhani namtania. Naye si wa kulaumiwa. Kila harusi anayokwenda huikuta keki imeshasimama mezani, nyeupe, imetulia, na hana sababu ya kujiuliza imefikaje pale.

Haya nayaandika kwa ajili yenu mnaobaki na majiko, Rehema na wenzake wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri. Kuoka mnajua. Simu zimewafundisha mapambo ambayo mimi hata majina yake siyawezi. Ninachotaka kuwasimulia ni yale yanayoanza keki ikishavuka kizingiti cha nyumba yako, maana hapo ndipo joto letu la pwani linapoisubiri.

Mimi nilikuwa muuza maandazi pale stendi ya Kibiti, mabasi ya Lindi na Mtwara yanaposimama. Asubuhi moja alikuja mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Alichukua andazi moja, akalipasua, akalinusa kabla ya kula.

"Nani kakufundisha kupima hiliki?" akaniuliza.

"Mama yangu."

"Kesho njoo nyumbani kwangu. Njoo na mikono tu."

Huyo ndiye Bi Habiba, mtu wa Utete, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa kule mtoni. Wakati huo ndiye aliyekuwa akioka keki za harusi Kibiti nzima. Hakuwa na oveni. Alikuwa na sufuria kubwa lenye mchanga chini, sinia juu, na mkaa pande zote mbili, na keki zake zilitoka laini kama godoro jipya. Nilikwenda nikiwa na hamu ya kuvunja mayai na kukoroga sukari. Yai hata moja sikulishika. Nilipandishwa nyuma ya pikapu, nikakalishwa juu ya gunia la maranda, nikapewa keki ya ghorofa mbili niikumbatie mpaka Mchukwi. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza katika fani hii ilikuwa kuwa mto.

Ilikuwa harusi ya muuguzi mmoja, ukumbi ni turubai uwanjani. Tulifika salama, nami nikajiona nimeshahitimu. Tukaiweka keki mezani, Bi Habiba akaenda kusalimiana na watu. Baada ya muda nikaona ua moja la sukari linateleza. Likashuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Meza ilikuwa imewekwa ubavuni mwa spika kubwa, nyuma yake kuna jenereta linapuliza hewa ya moto, na jua la alasiri limeshapenya chini ya turubai. Nilikimbia kumwita Bi Habiba.

Hakupiga kelele. Aliomba vijana wanne, wakainyanyua meza ikiwa na keki yake, wakaihamishia upande wa kivuli ambako upepo unaingia. Kisha akaigeuza keki, ubavu ulioharibika ukatazama turubai.

"Keki ina upande wa kupigiwa picha," akanambia. "Kama bibi harusi tu. Sasa sikiliza. Ukifika mahali popote, kabla hujateremsha keki, teremka wewe. Tafuta jua liko wapi sasa na litakuwa wapi saa ya kukata. Tafuta jenereta. Tafuta upepo. Ukishavijua hivyo vitatu ndipo uulize meza yako iko wapi. Na mara nyingi utaikuta wameiweka pabaya."

Miaka yote niliyofanya kazi hii, mara nyingi niliikuta wameiweka pabaya. Watu wa mapambo wanataka keki ikae chini ya taa zinazowaka rangi rangi. Taa zile zinapendeza, na kila moja ni jiko dogo.

Bi Habiba alinifundisha mengine kidogo kidogo, mara nyingi kwa kuniacha nione mwenyewe. Keki iliyotoka kwenye friji ikakutana na hewa ya Kibiti inatoka jasho kama mtu wa Arusha aliyeshuka Dar. Matone yanasimama juu ya sukari, rangi zinachuruzika. Basi usiifunue upesi. Iache ndani ya boksi lake, imefungwa, jasho litoke nje ya boksi na si juu ya keki. Krimu ya kupigwa tu, ile wanayoipenda wasichana waliokaa Dar, usiikubali kwa harusi ya nje mchana hata ukiombwa kwa machozi. Siagi tupu nayo inalegea. Sisi tulichanganya siagi na mafuta magumu ya kupikia, sukari ya unga ikazidi kidogo, na chini ya mapambo tukapaka ute wa mayai uliopigwa na sukari, ule unaokauka ukawa mgumu kama chokaa. Haukuwa mtamu sana mdomoni, ila ulisimama.

Chombo kilichonitoa jasho kwa miaka mingi na kunipa raha kwa miaka mingine mingi ni kasha. Alilitengeneza mume wangu, ambaye ni seremala. Nilimweleza nataka sanduku linaloweka baridi, akafikiri siku kadhaa huku akijifanya hafikirii. Mwishowe akatengeneza kasha la mbao nyembamba lenye kuta mbili, katikati akajaza vipande vya godoro la sponji, ndani akalizungushia foili, na mfuniko akauwekea mpira wa tyubu ya baiskeli ili ukibana, ubane. Ndani yake naweka chupa za maji zilizogandishwa. Msiweke barafu ya mabonge, maana barafu ya mabonge inageuka ziwa na keki haijui kuogelea. Chupa ikiyeyuka, maji yanabaki chupani, na wasafiri wakipata kiu wanakunywa.

Na jambo jingine, ambalo nililijua Mahege. Kulikuwa na harusi huko ya watu wa shamba, watu wakarimu, pilau ya kumwaga. Keki ilikuwa nzuri mpaka saa iliyopangwa ya kukatwa. Saa ilifika, mshereheshaji akaita kikundi cha ngoma. Kikaisha, akaita zawadi. Zawadi za shangazi, zawadi za majirani, mbuzi akaletwa akiwa hai akapigwa picha na maharusi. Mimi nimesimama nyuma ya keki napunga ungo kama mtu anayefukuza nzi kwenye nyama. Tangu siku hiyo kila nikifika harusini, wa kwanza kumsalimia ni mshereheshaji. Namletea chupa ya maji baridi, namuuliza habari za watoto, ndipo namweleza kwamba keki yangu haina subira. Bibi harusi atakusamehe, mshereheshaji ndiye mwenye saa.

Bi Habiba alipofariki niliachiwa sufuria lake la mchanga na wateja wake. Nikaja kupata oveni ya gesi, umeme ukatengemaa kiasi chake, na Rehema akajiunga nami. Wakati anakuja alikuwa ameshazaa watoto wawili na ameshaendesha mgahawa wake mwenyewe, mwanamke mwenye mabega na maneno machache. Tulifanya kazi sawa kwa sawa. Tulikwenda mpaka Ngarambe, barabara ya vumbi ambayo keki ilifika ikiwa nzima na sisi tukiwa rangi ya udongo.

Mahali pamoja tu hatukuwahi kwenda, nako ni deltani, kule mto unakoingilia baharini. Watu wa visiwani walikuwa wakiagiza keki, tunawapa kavu, isiyo na mapambo, ndani ya ndoo yenye mfuniko, wanakwenda nayo Nyamisati wanapanda mashua. Keki ya ghorofa, iliyopambwa, haikuwahi kuvuka maji yale. Mashua haina kivuli, maji yanapwa na kujaa yanavyotaka, na hakuna friji ya kukupokea.

Kazi ya mwisho niliyoifanya ilikuwa hiyo hasa.

Alikuja msichana anaitwa Siwema, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kibiti, mzaliwa wa kijiji kimoja cha ndani deltani. Alikaa kwenye kiti changu cha jikoni akaeleza mambo yake bila kuzunguka. Anaolewa na kijana wa hapa Kibiti. Upande wa mume walitaka sherehe ifanyike ukumbini, mjini, kwenye umeme. Yeye alikataa.

"Mama yangu alipata kiharusi," akasema. "Upande mmoja haufanyi kazi, na maneno yanamtoka kwa shida. Mashua hawezi kupanda. Nikifanyia sherehe Kibiti atahadithiwa."

"Na wakwe wamekubali?"

"Wamekubali shingo upande. Ila shangazi yake mume wangu kasema habari ya keki tuisahau, eti itafika uji. Tukate Kibiti, siku nyingine."

"Na wewe unasemaje?"

"Tulipokuwa wadogo mama alikuwa akija Kibiti kuuza kamba wabichi, anarudi ananihadithia keki alizoziona dirishani kwako. Ghorofa ngapi, maua rangi gani. Hajawahi kuila iliyopambwa. Mimi nataka aione imesimama. Akishaiona, hata ikianguka basi."

Nilimtazama Rehema. Rehema alikuwa anaosha sufuria, na alikuwa ameacha kuosha.

"Haitaanguka," Rehema akasema.

Kiuno changu kilikuwa tayari kimeshaanza maneno, na daktari alikuwa ameshanionya. Lakini nawaambia ukweli, usiku ule sikuona kiuno wala daktari. Nilijisikia kama siku nilipopandishwa kwenye ile pikapu. Tulianza kupanga hapo hapo. Ghorofa tatu, kila moja na boksi lake, zitaunganishwa kule kule kwa vijiti vya mianzi. Mapambo mazito yabaki kwenye ndoo mbili zenye mifuniko ya kubana, tuyapachike mwishoni. Chupa zigandishwe kwenye friza za majirani, maana yangu haikutosha. Siwema akauliza nahodha habari za maji, akaambiwa tukitoka Nyamisati asubuhi mapema, maji yatakuwa yamejaa mpaka tutakapofika.

Gari la kutupeleka Nyamisati lilipata pancha njiani. Halikuwa jambo kubwa, ila maji hayamsubiri mtu wa pancha. Tulipoondoka gatini jua lilikuwa limeshapanda. Nahodha, mtu mzima mpole, aliendesha mashine haraka kadiri alivyoweza, tukaiacha bahari wazi tukaingia kwenye vijito, mikoko pande zote mbili. Mimi na Rehema tulikaa kushoto na kulia kwa kasha, tumelifunika magunia yaliyolowa, na kila mara tunayamwagia maji ya bahari. Kasha lilikuwa limefungwa kamba. Upepo wa mwendo ulikuwa unayakausha magunia na kulipoza kasha, na nilianza kucheka peke yangu kwa furaha, kwa sababu naona inawezekana.

Kisha mashua ikalamba tope, ikasimama.

Nahodha alizima mashine, akachomeka upondo, akatikisa kichwa. "Maji yamepwa kuliko nilivyodhani. Tumechelewa kidogo tu, Bi Tatu. Sasa tungoje yarudi."

"Mpaka lini?"

"Mwanzo wa alasiri hivi. Tutafika kabla ya sherehe, usihofu. Watu tutafika."

Watu, ndiyo. Niliweka sikio kwenye kasha. Chupa zilikuwa zinagongana na ndani yake maji yanacheza, chwa, chwa, maana barafu imeshakuwa ndogo. Mwendo ukiisha upepo nao unaisha. Joto la ndani ya mikoko mchana, nyinyi wa Kibiti hamlijui. Linakukumbatia.

Rehema alitaka kufungua kasha aangalie. Nilimshika mkono. "Ukifungua tunaingiza joto lote hili. Usiangalie. Kuangalia hakuipozi." Alirudisha mkono akaukalia kabisa, ili usimponyoke. Tukatandika turubai dogo la nahodha juu ya pondo mbili, tukapata kivuli cha kasha, sisi wenyewe tukabaki juani.

Hapo ndipo tulipousikia mtumbwi kabla hatujauona. Mtumbwi ni mwepesi, unapita penye maji ya kifundo cha mguu. Ukatokeza kwenye kona ya mikoko, mwanamke amesimama nyuma anasukuma upondo, na katikati yake kuna deli kubwa la rangi ya bluu. Nahodha alimjua. "Pili huyo," akasema. "Mnunuzi wa kamba. Anazunguka kwa wavuvi na barafu yake."

Sikungoja kutambulishwa. "Pili, mwanangu, umebeba barafu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nina keki ya harusi humu, na barafu yangu inakwisha."

Pili alilitazama kasha, akatutazama sisi tulivyoungua. "Nikikupa barafu, mama, kamba wangu nitawaweka wapi? Wavuvi wananingoja."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa na haki. Nahodha ndiye aliyesema, "Ni harusi ya Siwema. Binti wa Bi Somoe."

Pili aliacha kusukuma. Mtumbwi ukaja wenyewe mpaka ubavuni mwa mashua yetu. "Bi Somoe ndiye aliyenifundisha kuchagua kamba," akasema. "Nilikuwa nanunua waliolala, nauza hasara. Alinikalisha chini akanionyesha macho ya kamba." Alifungua deli. "Chukua nusu. Leo nitanunua kwa wavuvi wa karibu tu."

Nilikaribia kulia, kisha harufu ikanifikia. Barafu ile imekaa na kamba kila siku ya maisha yake. Na siagi, kama mjuavyo, ni mbea, kila inachokisikia inakibeba. Keki ingefika baridi na ingenuka kamba mpaka kwenye maua.

Rehema akasema, "Ndoo za mapambo."

Ndoo zile mbili zilikuwa na mifuniko ya kubana. Tukayatoa mapambo, tukayafunga kwenye kanga safi. Tukaijaza barafu ya Pili ndani ya ndoo, tukazifunika, tukazungushia nailoni na kamba juu ya mifuniko, kisha tukaziosha kwa nje na maji ya kunywa na sabuni ya nahodha mpaka nilipoinusa moja bila kukunja uso. Ikabaki kufungua kasha. Nahodha na Pili walishika kanga iliyolowa wakaifanya paa. Mimi nafungua mfuniko, Rehema anatoa chupa zilizoyeyuka, anaingiza ndoo hii huku, ndoo ile kule, mimi nafunga. Tulifanya bila kusemezana, kama watu wanaobadilisha mtoto nguo kwenye upepo. Nilipobana mfuniko na kuweka sikio tena, palikuwa kimya. Nilimkumbatia Pili, jasho kwa jasho, mtumbwi wake ukayumba nusura tuzame wote wawili.

Maji yalirudi. Mashua ikaelea. Tukafika.

Baba yake Siwema, Mzee Ngwali, alitupokea gatini akiwa na kanzu na koti, amenyooka. Alitupeleka moja kwa moja kwenye nyumba yake mpya ya bati, sebule imepakwa rangi, meza ina kitambaa chenye lesi. "Keki yetu itakaa hapa mpaka saa yake," akasema. "Wakwe wapite waione."

Niliingia. Bati halina dari, na jua limeshinda juu yake tangu asubuhi. Niliinua mkono tu nikalisikia joto linavyoshuka.

"Mzee Ngwali, nyumba ni nzuri sana," nikamwambia, "lakini humu keki itayeyuka kabla hujamaliza kuwakaribisha wakwe."

Uso wake ulibadilika. Ile nyumba aliijenga kwa kuvua kamba, na mimi mgeni namwambia haifai. "Kwa hiyo unataka niwaonyeshe wakwe keki wapi? Jikoni?"

Siwema alikuwa mlangoni, mikono yake imejaa hina. "Kwa mama," akasema. "Baba, kwa mama ni baridi. Kwani si ndiyo maana hataki kuhamia huku?"

Nyumba ya zamani ilikuwa nyuma, ya udongo na makuti, dirisha moja dogo. Niliposhusha kichwa kuingia nilipokewa na baridi ya udongo, nikajua tumepona. Bi Somoe alikuwa amelala kitandani, ameegemezwa mito, macho yake mazima kabisa. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ndiye Tatu wa keki, wa dirishani Kibiti. Mkono wake mzima ukainuka kidogo.

Tukaiunganisha keki mbele yake. Boksi la kwanza, likatulia jasho lake, tukafungua. La pili juu ya vijiti. La tatu. Mwisho tukapachika mapambo kutoka kwenye kanga. Bi Somoe hakupepesa. Mzee Ngwali alisimama mlangoni akitazama, si keki, bali uso wa mkewe. Baada ya kitambo alivua koti lake akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mnahitaji watu wangapi wa kuibeba?"

Kubeba halikuwa tatizo tena. Tatizo lilikuwa kule nje. Sherehe ilikuwa kando ya kijito, na ijapokuwa jua limeanza kulegea, bado lilikuwa na nguvu. Ndoo zetu mbili zingekaa mezani ubavuni mwa keki, chini ya kitambaa. Chini ya meza zisingefaa kitu, kwa kuwa baridi haipandi, inashuka. Lakini upepo wa bahari ulikuwa wa moto. Nilikuwa nalisema hilo na Rehema, tunashauriana, ndipo tukasikia sauti kitandani.

"Lo... wesha."

Tuligeuka. Bi Somoe alikuwa ameelekeza mkono juu, kwenye chandarua chake. Kilikuwa chandarua cha zamani, cha pamba, cheupe, kilichofuliwa mpaka kikawa laini, cha enzi ambazo vyandarua havikuwa na dawa. Siwema alielewa kabla yangu. "Tulipokuwa na homa," akasema, "mama alikuwa analowesha chandarua, anafungua dirisha. Upepo unapita unaingia baridi."

Sikuwahi kukifikiria kitu hicho, na nilikuwa nimeshazeeka kwenye kazi ya baridi. Nilihisi nywele zinasimama kwa furaha. Tukakivua chandarua, tukakilowesha kwa maji ya kisima, tukakikamua kisidondoshe maji. Mzee Ngwali mwenyewe alikwenda kusimika miti minne ya mkoko kuizunguka meza, mbali kiasi kwamba kitambaa kisiguse sukari. Tukakitandaza. Upepo wa kijito ukapiga upande mmoja, na nilipoingiza mkono upande wa pili nilikutana na ubaridi. Rehema akaingiza wake. Tukatazamana kama wezi waliofanikiwa.

Wageni wa Kibiti walifika na mashua ya pili. Shangazi ya bwana harusi, mwanamke wa gauni la kumetameta, alisimama mbele ya meza muda mrefu. Upepo ulikuwa unakitikisa chandarua na keki inaonekana ndani yake kwa mbali, kama bibi harusi ndani ya shela.

"Hili pazia mmelinunua wapi?" akaniuliza.

"La mama mwenye nyumba," nikamjibu.

"Wamezidi watu wa huku," akasema, akaenda kumwita mwenzake aje aone.

Mshereheshaji alikuwa kijana wa Dar, nimeshampa maji yake na kumsalimia watoto asio nao. Alitaka kuweka zawadi kwanza. Nikamtazama tu. Akaita keki.

Bi Somoe walimleta na kitanda chake, vijana wakimbeba kwa pande nne, wakamweka karibu na meza. Rehema akakifungua chandarua. Hakukuwa na ua lililoteleza. Kingo zilikuwa kali kama tulivyoziacha jikoni. Watu walipiga vigelegele, na mimi niliyevisikia katika harusi nyingi kuliko ninavyokumbuka, siku hiyo niliviacha vinipite mwilini.

Siwema na mumewe wakakata. Kipande cha kwanza, kwa desturi, bibi harusi humlisha mumewe. Siwema alikichukua akampita nacho, akapiga magoti kando ya kitanda. Bwana harusi hakushangaa, inaonekana walishakubaliana. Siwema akamega kidogo, akamwekea mama yake upande wa mdomo ulio mzima.

Bi Somoe alifumba macho. Hata yule mshereheshaji alishusha kipaza sauti. Alitafuna polepole, akameza. Midomo ikahangaika kutafuta neno.

"Ya... baridi," akasema.

Kisha akafumbua macho, akautazama mkono wa Siwema, akasema lile la pili bila kukwama hata kidogo: "Nipe kingine."

Mzee Ngwali aligeuka akatazama kijito.

Rehema alianza kukata vipande vya wageni, foleni ikajipanga. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya meza kama ilivyo kawaida yangu, nikakumbuka kwamba tangu alfajiri sijakaa penye kivuli. Siwema aliniletea kiti akakiweka kando ya mama yake, akanipa kipande kwenye kisahani. Sijui mwenzangu yeyote wa kazi hii aliyewahi kukaa harusini kama mgeni akala keki aliyoileta. Sisi hutazama tu, mpaka sahani ya mwisho. Bi Somoe alininyooshea mkono wake mzima, nikaushika kwa kushoto, na kwa kulia nikala. Ilikuwa tamu, na ilikuwa baridi mpaka katikati. Sikubakiza hata chembe.